Ndege Yakandwa

Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, Calgary,
nami nina mikono miwili tu:
mmoja wa Siwema, siku arobaini na tatu duniani,
mmoja wa Shamte, miaka miwili na nusu,
anayetaka kutembea mwenyewe
ilimradi isiwe kule tunakokwenda.

Paspoti ya Siwema ina picha ya mtu aliyeshtuka.
Duka la dawa walimlaza juu ya taulo jeupe, wakasema:
afumbue macho, asicheke,
mkono wa mama usionekane.
Dakika arobaini tulisubiri
mkono wa mama usionekane.

Mhina alituacha kwenye kamba za ukaguzi.
Zamu yake inaanza saa tano usiku, na nyama ya kiwandani
haina mke wala uwanja wa ndege.
Akambusu mmoja utosini, mmoja juu ya kofia;
mimi akaniuliza, "Nepi umeweka za kutosha?"
Huo ndio ushairi wake. Nikaupokea.

Maziwa yakapimwa na mashine.
Kigari kikakunjwa, kikamgomea askari,
akanirudishia kama kitu kilichomtukana.
Shamte alikuwa ameshavua viatu kabla hajaambiwa
na sasa havaliki.

Safu ya thelathini na moja.
Mzee wa dirishani alitutazama
kama mtu anayefungua barua ya kodi.
Akasimama. Nikajua: anaomba ahamishwe.
Kumbe anampisha Shamte dirisha.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa;
huyu aliunyanyua wangu, akaguna,
akausukuma kabatini bila neno,
na mkono wake ukabaki ukitetemeka kidogo.

Halafu hatuondoki.
Nusu saa. Siwema ameanza ile ngoma yake ya kichwa,
anatafuta titi penye kifungo.
Nje theluji, nje malori mawili
yanakuja polepole, yana shingo ndefu,
yanatema maji ya rangi ya chungwa juu ya bawa,
mvuke unapanda mpaka taa zinapotea.

"Mama! Ndege inaogeshwa!"
Ndiyo.
"Maji ya moto?"
Ya moto.
"Italia?"

Nikatazama mvuke ule, nikashindwa kumjibu.
Mimi hospitali walinipa barafu, wakaniambia nikalie.
Barafu! Mama alinyamaza kwenye simu
hata nikadhani vocha imekwisha.
Kisha: "Nani anakukanda?"
Najikanda, mama.
"Mgongo?"
Ghorofa ya kumi na mbili, lifti mbovu,
maji ya bomba yanayochoma sekunde tatu na kupoa,
taulo moja, na mkono wangu
usiofika pale panapouma.

Ndiyo maana niko hapa.
Watu kazini walidhani naenda kuonyesha mtoto.
Saa ishirini na nane, ndege tatu, mabegi matano,
ili kule Tanga, uani, sufuria ichemke na mwarobaini
na mtu mwingine aseme: geuka.
Arobaini imepita, najua.
Mama anasema ataanza kuhesabu upya
siku nitakayoshuka.

Malori yakarudi nyuma. Bawa linang'aa, linachuruzika,
na mimi, Mungu anisamehe, nikalionea wivu.

Tukakimbia. Tukainuka.
Siwema ananyonya ili masikio yasizibe,
soksi yake ya kushoto imebaki Kanada.
Mzee amefumba macho, anasali au anajifanya.
Matone yanakimbilia nyuma kwenye kioo,
mojamoja, kisha yote.

Shamte, shavu dirishani, nusu yake usingizini:
"Haina taulo, mama."
Haina.
"Imekauka?"
Bado, baba. Itakauka njiani.